Daftari Lisizame na Chombo: Historia Fupi ya Kumbukumbu, kutoka Pasiansi

Mwezi uliopita nilikuwa Pasiansi, hapa Mwanza, nyumbani kwa kijana niliyemfundisha historia miaka kadhaa iliyopita. Pasiansi ni kata ya Manispaa ya Ilemela, kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege, na wasomaji wengi wanaifahamu kwa sababu ya chuo cha wanyamapori kilichoanzishwa mwaka 1966. Kijana huyu aliiacha historia akatafuta riziki katika programu za kompyuta. Siku hizi anahudumia mifumo ya kampuni ambazo ofisi zake hajawahi kuzikanyaga.

"Shikamoo, Mwalimu. Kaa hapa nikuonyeshe kazi yangu," alisema, akanigeuzia kompyuta. Palikuwa na ukurasa wa usimamizi, wenyewe wanauita konsoli, na ndani yake orodha ya vitu vitano vyenye alama ya kijani. Alichagua kimoja akakifuta. Nilishtuka, maana alikuwa ameniambia kwamba wateja wanatumia huduma ile saa ile ile. Kabla sijamuuliza, kingine kikajitokeza mahali pake na kugeuka kijani. Hakuna mteja aliyejua kwamba kuna kitu kimekufa.

"Haya ni makontena, Mwalimu, na hayatunzi kumbukumbu yoyote ndani yake," alieleza. "Ndiyo maana hayaogopi kufa. Kumbukumbu iko kwingine."

Nimeandika makala haya kwa sababu ya sentensi hiyo ya mwisho. Kwa mtu aliyeishi ufukweni mwa ziwa hili, kauli kwamba chombo kinaweza kuzama bila kuzama na kumbukumbu haimfikirishi juu ya kompyuta peke yake. Inamkumbusha vyombo viwili ambavyo havikuwa hivyo.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno moja, chombo, kwa kitu cha kuhifadhia na kwa kitu cha kusafiria majini. Historia ya kontena ni historia ya maana hizo mbili kukutana. Mwezi Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston, Marekani, ikiwa imebeba makasha 58 ya chuma. Mwenye wazo hilo, Malcom McLean, alikuwa mfanyabiashara wa malori. Alichokigundua ni kwamba gharama kubwa ya usafirishaji haikuwa safari, bali upakiaji na upakuaji: magunia, mapipa na marobota yaliyobebwa moja moja. Ukiweka shehena ndani ya kasha lenye vipimo vinavyofanana kila mahali, lori, behewa na meli havihitaji kujua ndani mna nini.

Tusisahau upande wa pili wa uvumbuzi huo. Kazi ya kubeba moja moja ilikuwa kazi ya watu. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam, waliogoma mwaka 1939, 1943 na 1947, walikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa kwanza nchini kuonyesha kwamba jasho linaweza kusimamisha uchumi wa kikoloni. Nguvu yao ilitokana na jambo moja: mzigo ulipita mikononi mwao. Kontena liliufunga mzigo, na kwa kuufunga likaupunguza mkono wa kuli duniani kote.

Wahandisi wa programu walikuwa na tatizo la namna hiyo hiyo. Programu iliyofanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya mwandishi wake iligoma ilipohamishiwa kompyuta nyingine, kwa sababu mazingira yalitofautiana. Suluhisho lilikuwa kuifungasha programu pamoja na kila inachokihitaji ndani ya kasha moja la kidijiti. Mbinu za kutenga programu ndani ya kompyuta zilikuwapo tangu zamani, lakini zilienea mwaka 2013 ilipotoka zana iitwayo Docker, neno la Kiingereza lenye maana ya kuli wa bandarini. Mwaka uliofuata, 2014, Google ilitangaza Kubernetes, mfumo wa kuongoza makontena mengi kwa pamoja. Hilo ni neno la Kigiriki, na maana yake ni mshika usukani. Kuli akapewa jina wakati kazi yake imekwisha kuchukuliwa, na nahodha akageuzwa kuwa programu.

Namna mfumo huu unavyofanya kazi inaeleweka hata kwa sisi tusio wahandisi, na inafaa kueleweka, kwa sababu huduma nyingi tunazozitumia sasa zimejengwa juu yake. Msimamizi hutangaza katika konsoli hali anayoitaka: nakala tatu za programu fulani, toleo fulani. Mfumo hulinganisha wakati wote kinachotakiwa na kilichopo. Nakala ikifa, zikabaki mbili, mfumo huwasha nyingine. Watumiaji wakiongezeka, msimamizi hubadilisha tatu kuwa kumi, au hukubaliana na mfumo tangu mwanzo uongeze wenyewe mzigo unapopanda. Toleo jipya likija, makontena ya zamani huondolewa kidogo kidogo na mapya huingia, huduma ikiendelea. Toleo hilo likiwa na kasoro, hurudishwa la nyuma.

Yote hayo ni mepesi kwa sharti moja tu, kwamba kontena lisitunze ndani yake jambo lolote ambalo kupotea kwake ni hasara. Majina ya wateja, malipo, hati na kumbukumbu za matukio lazima vikae nje, katika hifadhidata au ghala jingine la kudumu. Msimamizi akisahau sharti hilo, akaacha daftari ndani ya kontena, siku litakapokufa mfumo utawasha jingine kama kawaida, alama itakuwa ya kijani, na kila kitu kitaonekana kizima. Daftari tu ndilo halitakuwapo.

Sasa turudi ziwani.

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka na kuzama ikitokea Bukoba na Kemondo, ikikaribia Mwanza. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Orodha iliyonukuliwa baada ya ajali ilikuwa na abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndiyo maana mpaka leo tunapozungumzia msiba ule tunatumia maneno kama "takriban" na "inakadiriwa": wengi husema zaidi ya 800, wengine karibu 1,000. Tofauti kati ya makadirio hayo ni watu. Ni wachuuzi wa ndizi, wanafunzi, akina mama waliokuwa wakirudi kwa watoto, waliolipa nauli ndogo kuliko wote na kwa hiyo hawakuandikwa. Miili mingi ilizikwa Igoma, na kumbukumbu iliyojengwa pale haiwezi kumaliza majina, kwa sababu majina hayakuwahi kukusanywa.

Alasiri ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka kikitoka Bugolora kwenda Ukara, kikiwa karibu mno kufika gatini. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliofariki walikuwa 228, na waliookolewa 41. Safari hii daftari lilikuwapo, na lilikuwa la kisasa: mashine ya kukatia tiketi. Lakini taarifa za siku zile zilieleza kwamba mkata tiketi alifariki katika ajali hiyo hiyo, na mashine ikapotea na kivuko. Idadi ya 228 ilipatikana kwa kuhesabu miili iliyopangwa ufukweni, si kwa kusoma orodha.

Misiba hii miwili hutajwa pamoja kila mara, na somo linalotolewa ni moja: tusizidishe abiria. Somo hilo ni la kweli na la kwanza. Lakini mwanahistoria, ambaye kazi yake huanza pale walio hai wanapotaka kujua nani alikuwapo, anaona makosa mawili tofauti. Mwaka 1996 kosa lilikuwa kutoandika. Mwaka 2018 tuliandika, lakini tukaliacha daftari ndani ya chombo. Katika miaka ishirini na miwili tulinunua mashine, hatukubadilisha wazo. Mashine ile ilikuwa kitabu cha tiketi kilichovaa plastiki.

Anayedhani hili ni jambo dogo mbele ya vifo amuulize ndugu wa mtu ambaye mwili wake haukupatikana na jina lake halikuandikwa. Mirathi, madai ya fidia, hata ndoa ya aliyebaki, vyote hudai uthibitisho kwamba fulani alikuwa ndani ya chombo kile. Asipoandikwa, familia hubeba mzigo wa kuthibitisha kwa maneno matupu. Kutoandikwa ni kufa mara mbili.

Ajabu ni kwamba kanuni ya kijana wa Pasiansi haikuwa ngeni kwa dola yetu. Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanaifahamu kwa jina la masjala. Utawala wa kikoloni, na baadaye utawala wa Jamhuri, ulisimama juu ya wazo kwamba afisa huhamishwa na faili hubaki. Mkuu wa wilaya anaweza kupelekwa Sengerema leo na Newala kesho, kwa sababu kumbukumbu ya wilaya haimo kichwani mwake. Imo katika faili lenye namba, lililopokelewa na kusainiwa. Afisa ni kontena, masjala ni hifadhidata. Pale utaratibu huo ulipoheshimiwa, dola ilifanya kazi hata ilipokuwa maskini. Ulipopuuzwa, faili likawa droo ya mtu, na uhamisho wa mtu ukawa kifo cha jambo.

Lakini kuna sehemu ya pili ya kanuni hiyo ambayo wananchi wanaijua kuliko wahandisi. Huduma isiyotunza kumbukumbu hudai kila ombi lije na maelezo yake yote, kwa sababu aliyelipokea jana hakumbuki chochote leo. Katika mifumo ya kompyuta hilo si tatizo: ombi hubeba alama ya utambulisho, na hifadhidata hujibu papo hapo. Katika ofisi zetu nyingi hifadhidata hiyo haijibu, kwa hiyo anayebeba kumbukumbu ni mwananchi. Ndiyo asili ya bahasha ya kaki. Ndani yake kuna nakala ya cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, barua ya mtendaji, picha mbili na stakabadhi ya miaka sita iliyopita. Nimewahi kuombwa na ofisi moja niwapelekee nakala ya barua ambayo wao wenyewe waliniandikia. Mama mjane anayeishika bahasha hiyo kifuani ndani ya daladala ndiye hifadhidata ya taifa, na mvua moja inatosha kuifuta.

Kwa hiyo tukubaliane kwamba kumbukumbu itoke ndani ya chombo. Swali la historia linalofuata ni zito zaidi: iende wapi, na nani ashike ufunguo?

Nchi yetu imelijibu swali hilo kwa namna tofauti katika nyakati tofauti. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuhamishia hesabu za serikali katika mashine, likitegemea sana wataalamu wa nje, liliishia kuvuruga hesabu kuliko kuzinyoosha, na daftari la mkono likarudi. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Ni rahisi leo kuicheka marufuku hiyo, na ni kweli ilituchelewesha. Lakini ndani yake mlikuwa na hofu isiyo ya kipuuzi: hofu ya kuweka kumbukumbu ya taifa mahali ambapo taifa lenyewe haliwezi kuisoma.

Historia ya jirani inaipa hofu hiyo uzito. Waingereza walipoondoka katika makoloni yao walichukua mafaili waliyoona hayafai kuachwa mikononi mwa warithi wao, na mengine waliyachoma. Ni mwaka 2011, wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau walipokuwa wakiishtaki serikali ya Uingereza, ndipo ilipokubalika hadharani kwamba maelfu ya mafaili hayo yalikuwa yamehifadhiwa Hanslope Park. Kwa lugha ya wahandisi, kumbukumbu ilikuwa salama kabisa, nje ya chombo, katika ghala la kudumu. Tatizo ni kwamba waliotajwa ndani yake hawakuwa na ruhusa ya kuifungua.

Leo marufuku imekwisha na milango iko wazi. Nyaya za baharini zilifika pwani yetu kuanzia mwaka 2009, serikali ikajenga mkongo wa taifa, na sheria ya mwaka 2019 ikaifanya Serikali Mtandao kuwa Mamlaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Hizo ni hatua za kweli. Wakati huo huo, makampuni makubwa ya wingu yamejenga vituo vyao vya Afrika hasa nchini Afrika Kusini: Microsoft mwaka 2019, Amazon mwaka 2020, Google mwaka 2024. Kijana wa Pasiansi akibonyeza kitufe mbele ya macho yangu, kontena huzaliwa Johannesburg au mbali zaidi.

Tarehe 12 Mei 2024 tulipata kionjo cha maana yake. Nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ya Tanzania na majirani ikadhoofika vibaya. Makontena hayakufa. Hifadhidata hazikupotea. Alama huko ziliko zilibaki za kijani. Ni sisi tuliokuwa nje ya mlango.

Mwaka 2023 taifa hili lilibishana kwa ukali juu ya makubaliano ya bandari na DP World. Bunge liliyaridhia tarehe 10 Juni, mikataba ikasainiwa Oktoba, na katikati yake watu walijadiliana makanisani, misikitini, vyuoni na vijiweni. Sitaufufua mjadala ule hapa. Nakumbusha tu kwamba, kwa upande wowote tuliosimama, tuliona ni haki yetu kuuliza nani anasimamia makontena ya chuma, kwa masharti gani na kwa muda gani. Makontena ya pili, yanayobeba majina yetu, madeni yetu, magonjwa yetu na alama za vidole vyetu, hatujayaulizia hata robo ya sauti ile. Sababu, nadhani, ni kwamba hayaonekani kutoka barabara ya Kurasini.

Kwa wanaharakati na wanafunzi, basi, maswali ni haya. Huduma fulani ya umma inapotangazwa kuwa "imehamia mtandaoni", tuulize kumbukumbu yake iko wapi, na kama iko nakala nyingine mahali tofauti. Tuulize ni sheria ya nchi gani inayoilinda. Tuulize kama mwananchi anaweza kuisoma inayomhusu na kusahihisha kosa. Na tuulize itafikiwaje siku waya utakapokatika. Kwa watumishi wa umma ninaongeza moja: je, mfumo mpya umemtua mwananchi bahasha ya kaki, au umemwongezea kazi ya kuipiga picha na kuipandisha mwenyewe?

Ziwani mambo yanabadilika. Februari 2023 iliteremshwa majini, hapa Mwanza, meli mpya yenye uwezo wa kubeba abiria 1,200. Mwaka 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita tatu, pahali ambapo watu walikuwa wakisubiri kivuko kwa saa nyingi. Lakini Ukara na visiwa vingine bado havina daraja, na vyombo vitaendelea kwenda. Kila kinachong'oa nanga, kikubwa na kidogo, kinapaswa kuwa kimekwisha kuacha nchi kavu majina ya wote waliomo, wa daraja la kwanza na wa sitaha, kabla kamba haijafunguliwa. Teknolojia ya kufanya hivyo ipo, tena iko mikononi mwa vijana wetu wenyewe.

Wakati wa kuagana nilimuuliza mwenyeji wangu kama anajua kwa nini watu wazima wa upande huu wa mji hunyamaza kidogo kila tarehe 21 Mei. Alinyamaza na yeye.

"Babu yangu mdogo alikuwamo, Mwalimu," alisema. "Alipanda Kemondo. Hatujawahi kuliona jina lake popote."

Aliifunga kompyuta, akanisindikiza mpaka barabarani.